Uzi: Miteremko ya Bukavu inaisha. Nani atashika ardhi isijengwe?

MamaMuhumba (mwenye uzi)

Wandugu wa humu, jambo kwenu wote.

Kila msimu wa mvua mjadala wetu unaishia palepale. Mteremko unashuka na nyumba za mbao, tunazika, tunalaumu komini, na kabla matanga hayajaisha kuna mtu anachimba msingi kwenye udongo uleule. Leo naomba tuulize swali jingine. Ile ardhi ambayo haikupaswa kujengwa ilikuwa mikononi mwa nani? Siulizi jina lililoandikwa kwenye karatasi. Nauliza nani alikuwa na kazi ya kwenda kuiangalia kila mwaka na kukataa.

Sheria ya ardhi hapa Kongo tunayo. Ile ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Serikali na hauuzwi. Sisi raia tunapewa konsesio tu, yaani haki ya kuutumia. Kifungu cha 55 kinaongeza kwamba ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haigawiwi mtu mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Maana yake, ikipatikana sahihi ya kuiondoa, kinga yote imekwisha.

Kwenye kartie yetu kulikuwa na uwanja. Watoto walicheza mpira, wamama walianika mihogo pembeni. Kwanza akaja muuza makala, akaweka banda. Halafu ukajengwa ukuta mfupi upande wa juu, tukaambiwa ni wa kuzuia maji. Likizo moja goli la upande wa ziwa likang'olewa. Mwishowe ukuta ukaandikwa kwa rangi nyekundu maneno tunayoyajua sote: PARSELI HAIUZWI, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Aliyeandika alikuwa na karatasi zenye mihuri. Sisi wakaaji hatukuwa na karatasi hata moja, kwa sababu uwanja ulikuwa wa wote na hakuna aliyetumwa na wote kuushika.

Ndiyo maana nimesoma sana kuhusu mashirika ya amana ya ardhi. Mwaka 1890 huko Massachusetts, Marekani, msanifu wa bustani Charles Eliot aliona jinsi Boston ilivyokuwa ikimeza misitu ya kando yake. Akapendekeza kiundwe chombo kisicho cha biashara, kipokee na kununua ardhi na kuishika kwa ajili ya wananchi kama maktaba inavyoshika vitabu. Chombo hicho kiliundwa 1891 na kipo hadi leo, kinaitwa The Trustees of Reservations. Miaka 4 baadaye Uingereza ikapata National Trust, na mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Octavia Hill, mama aliyekuwa akishughulikia makazi ya maskini wa London. Ardhi yao ya kwanza, Dinas Oleu, ilitolewa bure na Fanny Talbot. Ni mteremko ulio juu ya mji wa Barmouth, Wales, unaotazama maji. Niliposoma hapo nilifikiria Bukavu moja kwa moja. Kisha mwaka 1907 sheria ikaruhusu National Trust itangaze ardhi yake kuwa haiwezi kuuzwa, na katazo hilo linaifunga hata National Trust yenyewe.

Njia ya pili ni nafuu zaidi. Mwenye ardhi anabaki nayo, analima, anarithisha, hata anauza akitaka. Anachotoa ni haki ya kujenga na ya kukatakata viwanja. Mkataba unaandikishwa kwenye daftari la ardhi, na kila atakayenunua baadaye anaukuta na unamfunga. Shirika linaloshika mkataba linapiga picha na kuchora ramani siku ya kwanza, linarudi kukagua walau mara moja kwa mwaka, na linaweka akiba ya pesa za mahakama. Kufikia 2020 mashirika ya namna hii Marekani yalikuwa yamelinda ekari milioni 61, yaani zaidi ya hekta milioni 24.

Mimi naamini tunaweza kuanza hapa, na ningeanzia kwenye kingo za mito ya Kawa na Wesha. Nawasikiliza.

---

MwanaSheria_Nyawera

Mama, asante kwa uzi huu. Nakuunga mkono, ila niweke mezani vizuizi vya sheria yetu ili tusijenge hewani.

Konsesio ya kudumu inapewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo. Shirika halipewi. Shirika lisilo la faida, chini ya sheria ya 20 Julai 2001, linaweza kupata konsesio ya kawaida, ambayo kwa ukodishaji wa muda mrefu ni miaka 25, inayoweza kurudiwa. Basi kila baada ya miaka 25 unarudi kubisha mlango wa ofisi ileile.

Kizuizi cha pili kinaniumiza zaidi. Sheria inataka ardhi ifanyiwe kazi. Ukiiacha tupu, unahesabiwa umeitelekeza na unaweza kunyang'anywa. Mtu anayehifadhi mteremko kwa kutoujenga anaonekana mzembe, na anayeuchimba anaonekana mwananchi mwema. Kwa hiyo anayetaka kushika ardhi wazi aifanye ionekane inashughulikiwa: apande miti, achimbe mitaro ya kukinga mmomonyoko, aweke mawe ya mipaka.

Tatu, haki ya kupita au ya kuzuia jirani asijenge tunayo tangu zamani, lakini inaenda kati ya kiwanja na kiwanja: lazima kuwe na ardhi ya jirani inayonufaika. Mkataba wa Wamarekani hauhitaji jirani, shirika lenyewe linatosha, na majimbo yalilazimika kutunga sheria mpya ili liwezekane. Ufaransa, ambako sheria zetu zimetoka kwa njia ya Ubelgiji, ilichelewa mpaka sheria ya bioanuwai ya Agosti 2016. Sasa mwenye ardhi wa Ufaransa anaweza kuifunga kwa mkataba wa mazingira hadi miaka 99. Kwa pwani wana Conservatoire du littoral, taasisi ya Serikali ya tangu 1975, inayonunua ardhi za kando ya bahari na ya maziwa makubwa ili zisijengwe. Ningependa wabunge wetu wa Kivu wakaisome hiyo kabla ufuko wa mwisho wa ziwa haujafungwa kwa ukuta.

Na tusiwaone Wamarekani kama malaika. Kuna matajiri waliokuwa wakinunua ardhi kwa bei ndogo, wanaitangaza kuwa na thamani kubwa mno, wanatoa haki ya kujenga, kisha wanadai punguzo la kodi kwa thamani ile ya uongo. Bunge lao lilibana mchezo huo mwishoni mwa 2022. Chombo chochote cha amana kinahitaji watu wa kukichunguza.

---

MzeeWaKabare

Wanangu, nimewasoma wote. Mnaongea kana kwamba jambo hili limetoka ng'ambo. Ruhusuni mzee aseme.

Katika Bushi, nchi yetu Washi, ardhi ilikuwa na mikono zaidi ya mmoja tangu mababu. Mwami, mtawala wetu wa kimila, anaishika kwa ajili ya watu. Mtu anayetaka kukaa analeta kalinzi, zamani ilikuwa ng'ombe, na akishapokelewa mbele ya mashahidi, ardhi inakuwa ya kwake na ya watoto wake, lakini mkono wa mwami haujaondoka juu yake. Halafu kuna bwasa. Huyu wa bwasa anakopeshwa shamba kwa msimu au zaidi kidogo. Analima maharage, analima viazi. Kupanda mgomba hapana, wala kahawa, kwa sababu ukishapanda kinachokaa miaka mingi, umeanza kudai udongo.

Basi mtu kuwa na shamba na bado kuna jambo asiloruhusiwa kulifanya juu yake, kwetu si ajabu. Kilichoharibika ni kwamba wakubwa walijifunza kuuza. Wakauzia wenye pesa vilima ambavyo watu walikuwa wamelipia kalinzi, wenye pesa wakaenda mjini kutengeneza sertifika za usajili wa ardhi, na mkulima akaamka akikuta yeye ndiye mvamizi. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba haki za jamii juu ya ardhi zao zitapangwa kwa amri ya Rais. Nilikuwa kijana wakati huo. Nimezeeka nikiingoja.

---

KijanaWaMiti

Shikamoo mzee. Nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda.

Mkitamka "kuhifadhi ardhi", sisi wa huku karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega tunasikia kitu kingine. Hifadhi ilianzishwa 1970, ikapanuliwa 1975 hadi kilomita za mraba 6,000 hivi. Batwa, yaani Mbilikimo waliokuwa wakiishi ndani, walifukuzwa bila fidia. Walikuwa na msitu, wakabaki vibarua kwenye mashamba ya watu, wakiomba pa kulala. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Serikali ilivunja haki zao. Zaidi ya miaka 50 baadaye! Wengi waliofukuzwa walishazikwa kwenye ardhi ya wengine.

Kwa hiyo Mama, kabla sijaunga mkono shirika lolote la kushika ardhi, nataka kujua nani atakaa kwenye kamati, na nani atakuwa na ufunguo wa geti.

---

MamaMuhumba

Kijana wangu, umesema haki, na nakushukuru kwa kutokuficha.

Hilo ndilo hasa linalonifanya nipende njia ya mkataba kuliko ya uzio. Kwenye mkataba hakuna anayehamishwa. Mwenye ardhi ndiye anayetia sahihi, naye anabaki kwake. Kama hataki, hakuna mkataba. Hifadhi ya 1970 iliamuliwa na watu ambao hawakulala hata usiku mmoja kwenye msitu ule.

Na kwa misitu kuna mlango ambao wengi wetu hatuujui. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kupata konsesio ya msitu wanaoushika kimila, hadi hekta 50,000, bure, na ya kudumu. Angalieni tofauti na ile miaka 25 aliyotaja mwanasheria wetu. Hapa Kivu Kusini shirika la Strong Roots Congo limekuwa likizisaidia jamii kuomba misitu hiyo, ili Kahuzi-Biega iungane na Itombwe kupitia ardhi iliyo mikononi mwa wanavijiji wenyewe. Itombwe yenyewe ilitangazwa hifadhi 2006, wenyeji wakapinga, na mipaka ikaja kukubaliwa 2016 baada ya miaka ya kukaa chini na vijiji. Ilichukua muda, lakini walisikilizwa. Tena tangu 15 Julai 2022 kuna sheria mahsusi ya kulinda haki za watu wa asili Mbilikimo, na haki yao ya ardhi imo ndani. Kamati ya shirika lolote la huku bila Batwa, mimi binafsi sitaingia.

---

FundiPanzi

Mimi ni fundi mwashi. Nyumba hizo za kwenye miteremko nimejenga nyingi kwa mikono hii, na siombi msamaha, kwa sababu mtu amekimbia vita na watoto 6, amefika Bukavu, ana pesa za mbao na mabati 15. Unamwambia nini? Kwamba pale ni pa kupendeza macho ya watu wa Muhumba?

Nionyesheni atakapolala, halafu tuzungumze kuhusu ardhi wazi.

---

MshiNairobi

Fundi, swali lako ni zito na lina majibu ambayo yamejaribiwa. Mimi ni mtoto wa Bukavu, naishi Nairobi.

Chombo hichohicho cha amana kinaweza kushika ardhi kwa ajili ya kulaza watu. Kule Voi, Kenya, makazi yanayoitwa Tanzania-Bondeni yalikuwa kijiji cha watu wasio na hati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, badala ya kila mtu kupewa hati yake, waliamua ardhi ishikwe kwa pamoja na nyumba ziwe za mtu binafsi. Sababu waliijua vizuri: hati ikigawiwa kwa maskini mmoja mmoja, tajiri anapita mlango kwa mlango na pesa mkononi, na baada ya miaka michache maskini wote wako kwenye kibanda kingine pembeni ya mji. Unauza nyumba yako, udongo hauuzi. Haikuwa rahisi, taratibu zilikuwa ndefu na baadhi walitamani hati zao peke yao, lakini wazo lilikuwa sahihi.

Na kuna mpango mwingine huku ambao wachache wanaujua. Kusini mwa Hifadhi ya Nairobi, Kitengela, Wamasai walikuwa wakiuza ardhi vipandevipande na uzio ukawa unafunga njia za nyumbu na punda milia. Mwaka 2000 ukaanza mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio, wasilime, wasiuze. Malipo yalipangwa yaangukie miezi ya ada za shule, na hilo ndilo lililowavuta akina mama. Shida zilikuwa mbili: bei ya ardhi ilipanda kuliko dola 4, na pesa za mpango zilitegemea wafadhili. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja unakatika siku mfadhili akichoka. Ndiyo maana mimi naunga mkono mkataba wa kudumu, uliofungwa kwenye daftari la ardhi. Sheria ya mazingira ya Kenya ya 1999 inaruhusu jambo hilo kupitia mahakama, bila kudai kuwepo kwa kiwanja cha jirani.

Msitu wa Karura nao, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji la Nairobi, sehemu yake ilikuwa imeshagawiwa wajenzi kwa siri. Mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Leo watu wanakwenda kutembea. Msitu ule ulisalimika kwa sababu kulikuwa na watu waliokubali kuumizwa kwa ajili yake, na baadaye likaundwa kundi la wakaaji linalousimamia pamoja na idara ya misitu. Mapambano bila kundi la kubaki nyuma yangeisha.

---

FundiPanzi

Hilo la Voi sikuwahi kulisikia. Nimeelewa.

Ila mkichagua mahali, msichague kwa kuangalia ramani. Tuulizeni sisi mafundi. Tunajua mteremko gani ukichimba nusu mita maji yanatoka, na wapi ukuta unapasuka ufa wa kulala kabla hata bati halijapigwa. Hapo ndipo pasijengwe. Kwingine kwenye mawe tunaweza kusimamisha nyumba vizuri na watu wakaishi.

---

Mpimaji_mstaafu

Nimefanya kazi ya kupima ardhi miaka mingi, sasa nimepumzika. Nitasema machache ya kazi.

Ardhi ya wazi inaliwa kwenye pembe. Hakuna anayeanza katikati. Jiwe la mpaka linasogezwa usiku, jirani mwenye urafiki anaongeza choo, kisha banda la mbuzi. Anayetaka kuilinda awe na mchoro uliopimwa, mawe yaliyosimikwa mbele ya majirani wote, na taarifa yenye sahihi zao. Picha zipigwe kila mwaka kutoka mahali palepale.

Jambo la pili, sikilizeni kwa makini. Mtu akishapata sertifika ya usajili, mna miaka 2 ya kuipinga. Ikipita, inakuwa ngumu kama chuma. Wakaaji wengi wanagundua mwaka wa 3, siku matofali yanaposhushwa. Kundi la kushika ardhi, hata kama halina pesa, likiwa na mtu mmoja tu anayekwenda kila baada ya miezi michache kuuliza ofisini kama kuna faili jipya juu ya mteremko wao, litaokoa zaidi kuliko maandamano.

---

MzeeWaKabare

Basi nami nilete langu, maana nimeona humu kuna watu wa kweli.

Nina kipande cha mteremko, cha kalinzi ya baba yangu. Chini yake kuna chanzo cha maji ambacho vijiji viwili vinachota. Watoto wangu wako Kinshasa na Uvira, na mmoja ameshaanza kuleta wanunuzi. Sitaki kuwanyima watoto haki yao. Sitaki pia siku nikifa maji yale yafunikwe na msingi wa nyumba. Nifanye nini, mimi, kuanzia sasa?

---

MwanaSheria_Nyawera

Mzee wetu, usiweke tumaini kwenye wasia peke yake. Kanuni ya Familia ya 1987 inalinda fungu la watoto, na wasia unaowapita utavunjwa mahakamani. Waite wote, hata kwa simu, mfanye baraza la familia, na kila mmoja atie sahihi kwamba sehemu ya chanzo cha maji na mteremko ulio juu yake haitajengwa wala kugawanywa. Sehemu iliyobaki watagawana kama kawaida, hapo hakuna anayepoteza kila kitu. Mwami au mjumbe wake awe shahidi, kwa sababu ardhi ni ya kalinzi. Vile vijiji viwili navyo viwakilishwe: wao ndio majirani wanaonufaika, na sheria yetu inamtaka jirani kama huyo. Kiwanja cha chini kinakopita maji kikipata haki juu ya cha juu, tunaweza kuiandikisha bila kungoja sheria mpya kutoka Kinshasa.

Nitaandika rasimu ya taarifa hiyo bila malipo.

---

MamaMuhumba

Mzee, nimesoma mara mbili. Kama familia itakubali, naomba chanzo chako kiwe cha kwanza. Mimi na wamama wa hapa tutachangia gharama ya vipimo, na KijanaWaMiti, kama hatakataa, aje kusimama upande wa vijiji.

---

KijanaWaMiti

Nitakuja. Niambieni siku.

---

Mpimaji_mstaafu

Mita ninayo, kamba ninayo. Mzee, juu ya chanzo hicho kuna mikaratusi? Kama ipo, msiikate kabla sijafika, hata kama inakunywa maji. Majirani wanaijua, itatusaidia kukubaliana mstari unapita wapi. Tukishasimika mawe, hapo mtaanza kuiondoa kidogo kidogo na kupanda miti ya asili. Na mtu wa Uvira aje mwenyewe. Sahihi ya simu kwenye mpaka sikubali.